Meno ya Watoto wa Patron

Murekatete ni jirani yangu. Tunatenganishwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, mfupi kiasi kwamba hata kuku wangu wanauruka. Tangu aolewe hapa Gisenyi hajavuka mpaka hata mara moja, na mama yake mzazi anaishi Birere, upande wa pili tu. Mimi navuka kila asubuhi na beseni la nyanya kichwani, nampitia yule mama, napeleka salamu na kurudi na salamu. Ukimuuliza Murekatete kwa nini haendi mwenyewe, jibu lake ni lile lile: "Nani atalisha Patron?"

Patron ni sungura. Msicheke. Ni dume jeupe, macho mekundu, zito kuliko mtoto mchanga, na mwenyewe ni Mzee Ndahiro, baba mkwe wa Murekatete. Mzee alirudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, akiwa hana kitu. Kule alikuwa na ng'ombe, hapa alikuja na fimbo ya kuchungia na hasira. Kisha akapewa sungura wawili, huyo dume na jike, na kutoka kwa hao wawili mtaa wetu wote ukawa na sungura. Kila uani utakapochungulia utaona weupe mtupu, macho mekundu yanakutazama.

Ilikuwa hivi. Kwenye chama chetu cha wanawake, anayepewa sungura anapokea jike na dume. Wakizaa mara ya kwanza, anachagua wawili wazuri na kumpa mwenzake anayefuata. Wanyarwanda wanafanya hivyo kwa ng'ombe tangu zamani, wanaita kwitura, yaani kurudisha wema. Sisi tukafanya kwa sungura, maana ng'ombe tutawaweka wapi. Unasimama mbele ya watu, unawabeba mikononi, unasema: "Nilipewa wazima, natoa wazima." Basi, umemaliza, wewe ni mtu kati ya watu.

Na majike wetu wote tulikuwa tukiwapeleka kwa Patron. Madume wadogo tuliwala. Kumpandisha jike wako kwa dume mwingine ilikuwa kama kumtukana Mzee Ndahiro usoni, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha, na hakuwa akidai chochote, unampelekea fungu la majani na maneno mazuri tu. Nani angekuwa na roho ngumu ya kukataa kitu kama hicho? Tukampandisha Patron kwa binti zake, na kwa wajukuu zake, na sote tukashukuru. Mimi nimekulia Kigoma, najua kuuliza maswali, lakini hilo sikuliuliza.

Halafu sungura wakaanza kufa njaa.

Sungura wangu watatu walikufa na majani mabichi mbele yao. Nilisema ni sumu. Jirani mwingine akasema ni jicho la mtu. Murekatete peke yake ndiye aliyewafungua midomo akaangalia. Sungura ana meno ya mbele mawili juu na mawili chini, yanaota kila siku na yanasagana ili yabaki mafupi. Ya hawa hayakukutana. Ya chini yalikuwa yametangulia mbele, yakapinda kwenda juu kuelekea puani, na ya juu yakajikunja ndani ya mdomo. Mnyama anakaa na chakula, anakinusa, anakitaka, na hawezi kukiuma.

Murekatete si mtu wa maneno mengi. Nadhani alizaliwa na maneno machache, na yaliyobaki baba mkwe wake akamnyang'anya. Mumewe, Manzi, yuko Kigali kwenye ujenzi, anakuja sikukuu. Siku zote nyingine ni yeye na mzee kwenye ua mmoja, mzee ameweka kiti chake langoni, kila anayetoka anaulizwa anaenda wapi na kila anayeingia anaulizwa ametoka wapi. Anakata majani, anarudi. Anachota maji, anarudi. Nilimwonea huruma mpaka nikawa namkasirikia.

Siku moja akaniita ukutani. "Mama Latif, we unapitaka sokoni Mbugangari. Uniulizie kwa Donat, hii meno inaletwa na chakula ao na damu?"

Donat ana duka la dawa za mifugo karibu na soko, na nyuma ya duka anafuga sungura wake, wa kahawia. Alinisikiliza akikuna kidevu, akasema inaweza kuwa chakula, na inaweza kuwa kwa sababu wanatafuna nyaya za vizimba. "Lakini kama iko kwa damu, utaona kwa watoto, haitaonekana kwa wazazi. Kila mutoto anapata kitu moja kwa baba na kitu moja kwa mama. Kama moja tu njo mubaya, inajificha, meno inakuwa muzuri kabisa. Mubaya mbili zikikutana, bon, meno inapinda."

"Kwa hiyo Patron anaweza kuwa na meno mazuri na bado akawa ndiye?"

"Anaweza kuwa na meno ya kuchekea photo, na bado iko yeye."

Akaniambia namna ya kujua. Usibadilishe kitu kingine chochote, jike yule yule, kizimba kile kile, majani yale yale. Badilisha dume tu. Kama watoto wa dume mgeni wote wana meno ya kukutana, umejua. Na mpaka ujue, usimpe mtu hata mmoja wa kufuga. Kula, lakini usimpe mtu.

Hilo la mwisho ndilo lililomkaba Murekatete, kwa sababu zamu ya kutoa ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyempa jike wake, na yeye alitakiwa kumpa Nyiraneza, mjane wa kule Busasamana chini ya volkano. Nyiraneza analima viazi kwenye shamba la watu na ana watoto wanaomtegemea. Alikuwa ameshatengeneza kizimba, ameshawaambia watoto. Kila akishuka mjini alikuwa anapita kumwona Murekatete na kumuuliza, kwa adabu zote, kama jike ameshazaa.

Jike alikuwa ameshazaa, kwa Patron. Watoto wanne, wawili meno yamepinda. Murekatete alimwambia mzee wamekufa kwa kuhara, tukawala wote, mimi nilipika upande wangu. Kisha nikamchukua yule jike kwenye kikapu, juu nimefunika na sombe, majani ya muhogo, nikapita mbele ya kiti cha Mzee Ndahiro nikimsalimia kwa heshima zangu zote. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema naenda kuuza sombe. Nilimpeleka kwa dume la Donat, nikamrudisha, na mzee akaniuliza mbona sombe haikununuliwa. Jamani, yule mzee angeweza kuajiriwa forodhani.

Baada ya mwezi jike akazaa. Wote kahawia.

Tulijua watakuwa kahawia. Murekatete alikuwa amening'iniza gunia mbele ya kizimba, akisema mama mzazi anataka giza. Kila siku alipenya nyuma ya gunia, anawashika mmoja mmoja, anawafunua midomo. Wiki zikapita. Meno yakaota yakakutana, ya juu mbele kidogo ya ya chini, kama inavyotakiwa. Yote. Alipokuja kuniambia ukutani alikuwa anatabasamu, na sijui niseme nini, sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu kwa meno. Nikamwambia hata yeye yanakutana. Akacheka mpaka akaziba mdomo.

Furaha ile haikukaa. Mzee aliondoa gunia.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama pale akiwatazama wale watoto wa kahawia, kisha akamwambia mkwewe: "Umepeleka jike ya nyumba yangu inje." Maneno yenyewe ni hayo tu, lakini uso wake ulisema kama amemkuta Murekatete mwenyewe na mwanaume. Akaamuru wauzwe wote siku ile ile, hataki kuwaona. Mimi nikajifanya mpita njia nikawanunua. Akaniuzia huku ananitazama machoni.

Kisha akamletea Murekatete wawili weupe wa miezi miwili, watoto wa Patron kutoka kwenye vizimba vyake mwenyewe. "Hawa njo utapatia Nyiraneza."

Murekatete akawafungua midomo. Meno mafupi, sawa sawa. Kwa muda mfupi alidhani Mungu amemsaidia, maana weupe si wote waliokuwa wabovu. Ila alipoangalia vizuri aliona yale ya chini yako mbele ya ya juu, na ncha zake zimenyooka kama zilizokatwa kwa chuma. Jino la sungura linalosagana na mwenzake lina makali yaliyochongoka. Kesho yake, akifagia nyuma ya vizimba vya mzee, kwenye udongo mweusi akaona vipande vyeupe vidogo, kama chenga za mchele. Vingine vya zamani, vimeshakanyagwa.

Mzee alijua. Alijua kabla yetu sote, na kabla ya kila sherehe alikuwa anakaa nyuma ya vizimba, amemviringisha mtoto wa sungura kwenye kitambaa mapajani, anamkata meno kwa kikata kucha.

Sasa mjue kwamba kwa mila zao mkwe hatamki hata jina la baba mkwe wake. Murekatete hakuwahi kusema neno "Ndahiro" mbele yangu. Mtu wa namna hiyo, utamwambiaje amtazame usoni mzee amwambie anadanganya watu? Lakini alikwenda. Nilikuwa naanika nguo upande wangu, nilisikia kila kitu, na sikujitahidi kutosikia.

"Baba, meno ya hawa imekatwa."

"Mi njo nilikata."

"Itaota tena."

"Atakata. Mimi nakataka, haijaniua."

"Nyiraneza hajui. Watakufa, na watoto yake ataenda kupandisha kwa Patron, na wale pia watakufa."

Mzee alipojibu sauti ilikuwa ya chini, nikalazimika kusogea. "Kule Masisi batu walikuwa wananisalimia sababu ya ng'ombe. Hapa nilipofika, hakuna mutu alinijua. Leo kila mwanamuke wa hii mutaa anapita kwa hii mulango na majani, ananiita muzee. Unafikiri wananipenda mimi? Ni ile dume. Ukiitoa, nitabakia na nini?"

Nilimchukia na nikamhurumia papo hapo, na sikupenda hata kimoja. Mzee akamalizia: "Utatoa hawa. Utasema maneno yenye inasemwaka. Ama utarudi kwa mama yako, na Manzi nitamwambia sababu."

Kwa hiyo njia ya Birere ikafunguka, lakini ndiyo hiyo, ya kufukuzwa. Alimpigia Manzi simu. Manzi akasema ni baba yangu, vumilia, ni sungura tu, mtu anagombana na mzee kwa ajili ya sungura? Nikamwambia ajifanye mgonjwa. Akasema akiugua mzee atatoa mwenyewe, na Nyiraneza atawapokea kwa furaha zaidi. Nikamwambia awaue wale wawili. Akasema vizimba vimejaa wengine. Kila mlango tuliousukuma ulikuwa na mzee nyuma yake, amekaa kwenye kiti.

Jumapili ikafika. Chama kilikutana kwenye ua wa Mzee Ndahiro kama kawaida, mwenyekiti wetu Alliance mbele, mzee kwenye kiti chake amevaa koti. Nyiraneza alikuja kwa miguu kutoka Busasamana na kitenge kipya, na kikapu alichokitandika majani makavu ndani. Alikikumbatia muda wote. Mimi nilikuwa na wale wa kahawia chumbani kwangu, na nilikuwa nimeapa nitanyamaza, maana kila nikifungua mdomo wangu anayeumia ni Murekatete.

Alliance akamwita. Murekatete akasimama, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Nyiraneza akapiga magoti akanyoosha kikapu.

"Nilipewa wazima," Murekatete akasema. Na hapo akakwama.

Tukasubiri. Mtoto wa mtu akakohoa. Murekatete alikuwa anamtazama Nyiraneza, machozi yanamtoka bila sauti, na midomo inachezacheza kama mtu aliyesahau sala.

"Sema," Mzee Ndahiro akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Siwezi kusema wazima."

"Sema."

Akapiga magoti na yeye, wakawa wawili chini, akamweka sungura mmoja kwenye kikapu, akamshika mkono Nyiraneza, akamwelekeza kidole chake kwenye mdomo wa mnyama, akaufunua. "Angalia mwenyewe, mama. Usinisikilize mimi. Angalia."

Nyiraneza ni mtu wa mifugo, akagusa zile ncha. Akatazama juu, si kwa Murekatete, kwa mzee. "Hii imekatwa," akasema polepole. "Hii iko na ugonjwa ya meno, na mutu aliikata."

Hakuna aliyemtaja mtu. Hakukuwa na haja. Mwanamke mmoja mmoja akaanza kukumbuka wake waliokufa na majani mbele yao, niliona kwenye nyuso zao, na nafikiri na wao waliona hivyo kwenye wangu. Mzee Ndahiro aliinuka. Alitaka kusema kitu, koti likamshika kwenye kiti, akalivuta, akaingia ndani akafunga mlango. Sikuwahi kudhani ningesikitika kuona kile kiti kitupu.

Mimi hapo kiapo kikanishinda. Nilikwenda kwangu nikamleta jike wa kahawia, nikampa Nyiraneza, nikawaeleza yote aliyoniambia Donat: kwamba huyu meno yake mazima lakini damu ya Patron inaweza kuwa imejificha ndani, kwa hiyo asije akampandisha kwa mweupe yeyote wa mtaa huu, bali kwa dume la mbali lisilo ndugu, na awaangalie watoto midomo kabla hajampa mtu. Alliance akasema kuanzia siku ile hakuna anayetoa bila kufunua mdomo mbele ya watu, na hakuna jike wa chama atakayepelekwa kwa Patron. Nyiraneza akaondoka na mmoja badala ya wawili, akamshukuru Murekatete mpaka ikawa aibu.

Mkidhani hapo Murekatete alikuwa huru, hamjaishi huku.

Manzi alikuja kutoka Kigali, si sikukuu. Wazee wa ukoo wakakaa. Hakuna aliyesema sungura wale walikuwa wazima, wote walijua. Walisema tu kwamba mkwe amemvua baba nguo mbele ya wanawake, na kwa kosa hilo kuna icyiru, faini ya pombe, anailipa aliyekosa, awe amesema kweli asiwe amesema kweli. Nilitaka kuruka ule ukuta. Murekatete mwenyewe alinizuia kwa macho.

Akapika ikigage, pombe ya mtama, siku kadhaa. Ilipoiva akaibeba kichwani kutoka jikoni mpaka mlango wa mzee, hatua chache tu kwenye ua ule ule, na watu wamekaa wanaangalia. Akapiga magoti, akasema amekosa. Mzee akanywa. Wengine wakanywa. Manzi akanywa, na keshoye akarudi Kigali.

Watu walipoondoka, Mzee Ndahiro alimwita. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kamba yangu ya nguo, siku hizi nguo zangu hazikauki. Alikuwa amekaa nyuma ya vizimba, kitambaa mapajani. Weupe wote bado walikuwapo. Hakukubali achinjwe hata mmoja, na Patron alikuwa kwenye kizimba chake peke yake, mnene, anatafuna, meno yake mazuri.

"Macho yangu haionake tena vizuri," mzee akamwambia. "Juzi nilimukata mumoja ulimi."

Akamnyooshea kile kikata kucha. Murekatete alikitazama. Angeweza kukataa, maana alikuwa ameshalipa, hakuwa na deni tena kwa mtu. Lakini kizimbani kulikuwa na mtoto mweupe amekaa mbele ya jani, ananusa, anarudi nyuma, ananusa tena.

Akakipokea.

Nyiraneza amepata dume la mbali, na jike wake amezaa, wa kahawia na wa madoa, meno yote yanakutana. Alikuja kutuambia, akawaonyesha. Kwa Murekatete, kila yakiota anakaa nyuma ya vizimba na kitambaa mapajani anakata, mmoja baada ya mwingine, na akimfikia wa mwisho, meno ya wa kwanza yameshaanza kuota tena.

Jana mama yake kule Birere aliniuliza, bintiye atakuja lini. Niliweka beseni chini nikamwambia hajambo, anawasalimu, na kwa sasa hana nafasi.